Mitihani ya AP: Upi Utafuta Kozi Chuoni na Upi Utakula Dola 99 Bure

Kila Mei, katika wiki mbili za mwanzo, wanafunzi wa sekondari za Marekani hukalia mitihani ya AP (Advanced Placement), mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, wakiwa wameambiwa jambo moja: ukipata 3 kwenda juu, katika alama za 1 hadi 5, chuo kitakupa krediti, yaani kipimo cha masomo kinachohesabiwa kwenye digrii. Maneno hayo ni ya kweli, ila yamekatwa katikati. Hawaambiwi ni krediti ya kitu gani. Iko krediti inayofuta kozi ambayo kijana angelazimika kuisoma na kuilipia. Iko na krediti nyingine inayoandikwa kwenye rekodi, ikakaa hapo miaka 4, isimpunguzie hata kipindi kimoja. Chuo huziita zote krediti, na mzazi akisikia mwanawe ameingia na krediti 15 hudhani digrii imefupishwa kwa muhula mzima. Mara nyingi haikufupishwa hata kwa wiki moja.

Kwa familia zetu zilizoko Houston, Columbus, Minneapolis na kwingineko, ambako kaunsela mmoja wa shule ana mamia ya wanafunzi na mzazi yuko zamu ya usiku, uamuzi huu huachwa kwa mtoto wa miaka 16. Naye huchagua mtihani kwa sababu mwalimu anapendwa, au kwa sababu marafiki wanasema ni rahisi. Uamuzi unafaa uanzie upande wa pili, yaani chuoni.

Chukua mpango wa digrii wa fani anayoitaka, katika chuo anachokitarajia. Kila idara huuweka mtandaoni, muhula kwa muhula, na kwa kawaida jumla yake ni krediti 120. Ndani yake kuna mafungu manne: masomo ya msingi ambayo kila mwanafunzi wa chuo hicho husoma, kozi tangulizi za fani, kozi za fani yenyewe, na nafasi huru za kujazia chochote. Krediti ya AP ni lazima iangukie kwenye fungu mojawapo. Ikiangukia katika mafungu mawili ya kwanza imefanya kazi. Ikiangukia kwenye nafasi huru, inategemea nafasi hizo ni ngapi. Fani kama historia au sosholojia huwa na nafasi nyingi, lakini uhandisi na uuguzi karibu hazina kabisa, na hapo krediti ya ziada haina pa kukaa.

Sasa fungua jedwali la AP la chuo hichohicho. Utaona jina la mtihani, alama inayotakiwa, idadi ya krediti, na kozi inayolingana. Wengi husoma idadi ya krediti na kufunga ukurasa, wakati jibu liko kwenye kozi inayolingana. Ukiona nambari kamili, mfano HIST 1301, hiyo ni kozi halisi iliyofutwa. Ukiona nambari imejazwa herufi X, kama 1XXX, au neno la kuonyesha kozi ya hiari, ujue chuo kimetoa krediti lakini hakikufuta kozi yoyote. College Board, shirika lenye mitihani hii, lina ukurasa wa kutafuta sera za vyuo. Utumie kuanzia tu. Neno la mwisho ni la katalogi ya chuo kwa mwaka ambao kijana ataingia, na kwa sayansi na hesabu ni la idara yenyewe, kwa sababu idara inaweza kudai 5 pale ambapo jedwali la jumla linasema 4.

Texas ni mfano mzuri wa jinsi ya kusoma haya, kwa kuwa sheria yake iko wazi na watu wetu wengi wako huko. Tangu sheria ya mwaka 2015, vyuo vya umma vya Texas hutakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 kwenda juu, isipokuwa pale ambapo chuo kina ushahidi kwamba kozi fulani inahitaji alama kubwa zaidi. Masomo ya msingi ya vyuo hivyo ni krediti 42 na nambari za kozi zinafanana katika vyuo vingi. Ndani ya hizo 42, krediti 6 ni za historia ya Marekani na 6 ni za serikali. AP United States History huweza kufuta HIST 1301 peke yake, au pamoja na 1302, kutegemea alama na chuo. AP United States Government hufuta GOVT 2305, ya serikali ya shirikisho. GOVT 2306, ya serikali ya Texas, inabaki palepale, maana hakuna mtihani wa AP unaogusa katiba ya Texas. AP English Language kwa kawaida huenda kwenye ENGL 1301, na English Literature huenda mara nyingi kwenye 1302.

Sasa linganisha na AP World History. Ni mtihani mzuri, una mada za Afrika Mashariki na biashara ya Bahari ya Hindi ambazo mtoto wa kwetu atazifurahia, na huleta krediti halali. Lakini sheria ya Texas inataka historia ya Marekani, kwa hiyo krediti hizo haziingii kwenye zile 6. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepata 5 katika World History bado atakaa darasani kusoma HIST 1301. Mwenzake aliyepata 3 katika United States History hatakaa. Alama ya chini imefuta kozi, ya juu haikufuta.

Ohio, Illinois na Florida nazo zina utaratibu wa jimbo wa kutambua 3 kwenye vyuo vya umma. Ohio huongeza ushauri mmoja wa maana: kwa kozi za sayansi na hesabu zinazofuatana, mwanafunzi azungumze na mshauri wa idara kabla ya kuruka, ahakikishe msingi wake unatosha. University of California hutoa krediti kwa 3 pia, ila huweka kikomo pale mitihani inapofanana: aliyefanya mitihani yote miwili ya Kiingereza hupata krediti kana kwamba amefanya mmoja. Vyuo binafsi vyenye majina makubwa ni habari tofauti. Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kuanzia darasa lililohitimu 2018. Brown haizihesabu kwenye idadi ya kozi za kumaliza digrii, na Caltech haitoi. Huko alama ya 5 hukusaidia kwenye maombi ya kujiunga au kupangwa darasa la juu, bila kupunguza bili.

Na hiyo bili yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa makini, maana hesabu inayorudiwa na kila mtu, kwamba dola 99 zimeokoa dola 1,200, ni sahihi kwa vyuo vya aina moja tu. Tuseme chuo kinatoza dola 400 kwa kila krediti. Kozi ya krediti 3 iliyofutwa ni dola 1,200 zilizobaki mfukoni. Lakini vyuo vingi hutoza karo ya jumla kwa muhula: ukisoma krediti 12 au ukisoma 18, unalipa kiasi kilekile. Katika chuo cha namna hiyo, kufuta kozi moja hakupunguzi hata senti, kwa sababu muhula bado ni muhula. Akiba huja pale tu ambapo krediti zimetosha kuondoa muhula mzima, yaani 12 hadi 15 zilizolenga kozi za lazima. Kabla ya kuhesabu faida, uliza ofisi ya fedha swali moja: karo hutozwa kwa krediti au kwa muhula?

Hata krediti 15 za lazima zinaweza zisiondoe muhula, na kinachozuia hapo ni mnyororo. Fani nyingi zina kozi zinazofuatana, ya pili haifunguki mpaka umalize ya kwanza. Kinachoamua tarehe ya kuhitimu ni mnyororo mrefu kuliko yote. Kwenye uhandisi mnyororo huo ni kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo ya tofauti (differential equations), huku fizikia ikienda sambamba na kozi za fani zikisubiri zote mbili. Ukifuta historia, saikolojia na Kiingereza, umepunguza mzigo lakini mnyororo una urefu uleule. Ukifuta kalkulasi mbili za mwanzo, umekata pete mbili za mnyororo wenyewe.

Ndiyo maana kwa kijana wa uhandisi AP Calculus BC ndiyo namba moja, na hakuna inayoikaribia. Hufunika takriban mihula miwili ya kalkulasi, wakati AB hufunika mmoja. BC pia hutoa alama ya pembeni kwa mada za AB peke yake, na vyuo kadhaa huikubali, kwa hiyo aliyeteleza kwenye mada za mwisho bado anaweza kuokoa muhula wa kwanza. Huwezi kufanya AB na BC mwaka mmoja. Ya pili ni AP Physics C, hasa Mechanics, inayotumia kalkulasi. AP Physics 1 na 2 hutumia aljebra, na idara za uhandisi kwa kawaida hazizikubali badala ya fizikia yao. Vijana huumia sana hapa: wanachukua Physics 1 wakiamini fizikia ni fizikia. AP Computer Science A hufundishwa kwa Java, hivyo angalia idara inataka lugha gani ya programu. AP Precalculus, iliyoanza mwaka wa masomo 2023–24, haimsaidii mhandisi, kwani hesabu hiyo iko chini ya kozi ya kwanza ya digrii yake.

Kijana aliyefika Marekani kutoka Kenya akiwa ameshafika kidato cha nne ana akiba asiyoijua: silabasi ya hesabu ya KCSE inagusa utangulizi wa kutafuta mwinamo na eneo kwa kalkulasi. Mada hizo hazitoshi kwa mtihani wa AP, lakini lugha yake si ngeni kwake. Kinachomwangusha ni mambo mengine. Sehemu ya kuandika ya AP Calculus ina maswali 6, mawili kwa kikokotoo cha grafu na manne bila, na mwenye mazoea ya kikokotoo cha kawaida hupoteza dakika akifanya kwa mkono kile ambacho mashine ingemaliza. Tangu Mei 2025 kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya Bluebook, programu ya mtihani, basi ajizoeze nacho bure nyumbani. Jibu la desimali lifike nafasi 3, na usikadirie katikati ya kazi. Swali likisema toa sababu, jibu tupu halipati alama zote, hata likiwa sahihi. Kubahatisha maswali ya kuchagua hakuna adhabu tangu 2011, kwa hiyo asiache nafasi wazi.

Kuna swali la kuruka au kutoruka. Aliyepata 5 katika BC na kulala miezi 4 bila kushika kalamu anaweza kuzama kwenye kalkulasi ya tatu. Dawa ni rahisi: idara nyingi huweka mitihani yao ya zamani mtandaoni. Achukue mtihani wa mwisho wa kalkulasi ya pili wa chuo hicho, afanye kwa saa, bila msaada. Akiumudu, aruke. Akishindwa nusu yake, akubali krediti ya kozi ya kwanza tu na asome ya pili upya. Lakini aamue kabla ya kuanza, kwa sababu ukikubali krediti ya AP kisha ukasoma kozi ileile, kwa kawaida moja kati ya hizo mbili hufutwa.

Uuguzi unastahili nafasi yake, maana ndiyo fani ambayo nyumba zetu nyingi huitazama. Kozi tangulizi zinazobeba uuguzi ni anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya jumla, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, na uandishi. Hakuna AP ya anatomia. Hakuna AP ya mikrobiolojia. AP Biology, inayopendekezwa kwa kila mtoto anayesema anataka kuwa nesi, hufuta biolojia ya jumla, na programu nyingi za uuguzi hata haziitaki kozi hiyo, au huitumia tu kama mlango wa kuingilia anatomia. Soma ni lipi kati ya hayo kabla ya kumtia mtoto kwenye mwaka mzima wa kazi nzito. Zinazolipa kwa uuguzi ni AP Statistics, AP Psychology na AP English Language. Psychology ina faida ya pili: hufungua saikolojia ya ukuaji, ambayo huitaka ya jumla kwanza.

Kuna mtego ambao haupo kwenye jedwali lolote la krediti. Krediti ya AP huingia bila gredi. Programu za uuguzi zenye ushindani hupanga waombaji kwa wastani wa gredi za kozi tangulizi, na baadhi hukataa kozi tangulizi isiyo na gredi, hasa za sayansi. Kijana ambaye angepata A rahisi katika takwimu amefuta kozi ambayo ingempandisha wastani. Piga simu kwa ofisi ya udahili ya shule ya uuguzi yenyewe, isiwe ile ya chuo kwa jumla, uulize: mnakubali krediti ya AP kama kozi tangulizi, na mnaihesabu vipi kwenye wastani?

Wanaoelekea udaktari wana tahadhari ya aina hiyohiyo. Baadhi ya shule za udaktari hazitambui AP badala ya biolojia, kemia na fizikia, na nyingine hukubali iwapo mwanafunzi amesoma kozi ya juu zaidi katika somo lilelile chuoni. Kwa hao ningependelea AP kwenye Kiingereza, historia na takwimu, ili mihula iwe na nafasi ya sayansi zenye gredi. Wa AP Chemistry watunze daftari la maabara, kuna idara zinazotaka kuliona kabla ya kutoa krediti ya vitendo. Biashara ni fupi: Microeconomics na Macroeconomics mara nyingi hufuta kozi mbili za lazima, Statistics huenda ikafuta ya tatu, na Calculus AB ya nne.

Tuje kwenye lugha, na hapa familia zetu huacha krediti zilizo mlangoni mwao. AP French Language and Culture ni mtihani ambao watoto waliosoma Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, au katika shule za wakimbizi wa Kongo kambini Nyarugusu zinazofuata mtaala wa kwao kwa Kifaransa, wameshaubeba nusu kichwani. Vyuo vingi humpa mwenye 4 au 5 krediti za mihula miwili au zaidi ya lugha. Si lazima awe amesoma darasa la AP French, wala shule si lazima iwe nalo. Kinachohitajika ni mratibu wa AP wa shule aagize karatasi hiyo. Shule yake ikikataa, aulizie shule jirani mapema mwezi wa Septemba.

Kuongea vizuri hakutoshi, na mtoto anayejiamini ndiye anayeshtuka. Kwa muundo wa mtihani wa Mei 2025, sehemu ya kwanza ni maswali 65 ya kusoma na kusikiliza kwa dakika 95. Kisha huandika jibu la baruapepe kwa dakika 15, na insha ya hoja kwa dakika 55 akitumia vyanzo vitatu: makala, jedwali au grafu, na sauti. Halafu mazungumzo ya kurekodiwa, sekunde 20 kila zamu, mara 5, na mwisho hotuba ya dakika 2 ya kulinganisha utamaduni. Baruapepe ni rasmi: atumie vous, “wewe” ya heshima, mwanzo hadi mwisho, ajibu kila alichoulizwa, kisha naye aulize jambo. Aliyekulia kwenye Kifaransa cha mtaani huanza na vous na kumalizia na “tu”, ile ya kirafiki, alama zikaenda. Kwenye insha, asiyetaja vyanzo vyote vitatu hujishusha mwenyewe. Kwenye hotuba azungumzie Goma au Bujumbura anayoijua, ailinganishe na jamii yake ya Marekani, mifano atakuwa nayo tele. Lakini sharti la lugha huwa zaidi kwenye digrii za sanaa na sayansi za jamii. Kwa uhandisi au uuguzi krediti hizo huenda zikaangukia nafasi huru.

Kiswahili hakina mtihani wa AP. Kinachokisimamia ni hati ya umilisi wa lugha mbili inayotolewa na majimbo kwa wahitimu wa sekondari, na mitihani ya umilisi kama STAMP na ya ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, hupima Kiswahili. Minnesota imeenda mbali zaidi, kwa sheria: mwenye hati ya dhahabu hupewa krediti za mihula 3 ya lugha kwenye vyuo vya mfumo wa Minnesota State, mwenye ya platinamu mihula 4, bila kulipia. Ni lazima aziombe ndani ya miaka 3 ya masomo baada ya kumaliza sekondari. Ziko nyumba kule Brooklyn Park ambazo Kiswahili husemwa kutwa nzima, na hati hii ingewafaa.

Tatizo la watoto hao ni kalamu. Lazima wafikie kiwango kwenye kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, na mtoto anayechekesha ukoo mzima kwa Kiswahili anaweza kuandika mistari mitatu akakwama. Watahini hutofautisha anayeandika sentensi mojamoja na anayejenga aya, anayesimulia jana, leo na kesho bila kuchanganya nyakati. Wiki 8 hadi 10 zinatosha: habari moja ya Mwananchi au Taifa Leo kila siku kwa sauti, na aya moja ya sentensi 6 zilizounganishwa kwa hata hivyo, kwa hiyo, kabla ya hapo, ingawa. Bibi au babu asahihishe ngeli.

Watoto waliofika hivi karibuni, ambao Kiingereza bado kinawachelewesha, waangalie namna mtihani unavyopima zaidi ya jina la somo. United States History ni saa 3 na dakika 15, nyingi zikiwa za kuandika, ikiwemo insha ya nyaraka ya dakika 60. English Language ina insha 3 kwa saa 2 na dakika 15, na kosa kubwa ni kusimulia upya kifungu badala ya kueleza mwandishi amemshawishi vipi msomaji. Kwa kijana wa namna hiyo ningeanza na Calculus na Kifaransa, nimwekee historia mwaka wa mwisho.

Pia kabla ya kulipia AP, angalia kama jimbo lina mpango wa kusoma kozi za chuo ukiwa sekondari. Minnesota wanauita PSEO, Ohio ni College Credit Plus, na kwenye vyuo vya umma mwanafunzi halipi karo wala vitabu. Ubora wake ni kwamba krediti haitegemei asubuhi moja ya Mei. Ubaya wake ni gredi ya kudumu: C ya miaka 16 itamfuata hadi kwenye maombi ya shule ya udaktari, na akifeli Ohio, wilaya ya shule inaweza kumdai gharama. AP ikiharibika unaweza kuificha. Kwa vyuo vya umma vya jimbo hilohilo, uandishi na saikolojia ningevipeleka kwenye mpango huu, nibakize AP kwa Calculus na Physics C, na kwa yeyote anayeomba vyuo vya nje ya jimbo.

Ada na tarehe. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 mtihani mmoja ulikuwa dola 99 ndani ya Marekani na 129 nje, wakiwemo wanaofanyia shule za kimataifa Nairobi au Dar es Salaam. Familia ya kipato cha chini hupata punguzo lililoshusha ada hadi takriban dola 53, na majimbo kadhaa hulipa hata hizo. Punguzo haliji lenyewe, shule ni lazima imweke alama mwanafunzi kwenye mfumo, basi mwulize mratibu moja kwa moja. Mwisho wa kuagiza ni katikati ya Novemba, na shule nyingi hujiwekea tarehe ya mapema zaidi. Ukichelewa, ongeza dola 40. Ukiagiza kisha usifanye, dola 40 pia. Kwa maana hiyo uamuzi hufanyika Oktoba, wakati kijana hajajua kama ataliweza somo. Atakayeanza kuuliza Aprili amechelewa.

Matokeo hutoka Julai. Kila mwaka mwanafunzi anaweza kutuma ripoti moja bure kwa chuo kimoja akikitaja kabla ya Juni 20. Baada ya hapo kila ripoti ni dola 15. Ripoti hubeba alama zake zote za AP za miaka yote, isipokuwa ameomba alama fulani izuiwe kwa chuo hicho, kwa dola 10. Aliye mwaka wa mwisho na ameshachagua chuo akitaje bila kusita. Aliye mwaka wa tatu hana haraka, atatuma akishajua anakokwenda.

Kufika kwa alama chuoni si mwisho wa kazi. UT Austin na Texas A&M, kwa mfano, haziingizi krediti zenyewe: mwanafunzi huingia kwenye akaunti yake na kuzidai au kuzikubali, moja baada ya nyingine. Asiyejua hilo hujiandikisha Agosti kwenye kozi aliyokwisha kuifuta. Akae na mshauri wa idara kabla ya kubonyeza, wakiwa na mpango wa digrii mezani, na ahakikishe zinazobaki kwa muhula hazishuki chini ya 12, la sivyo msaada wa karo wa serikali ya shirikisho uitwao Pell hupungua, na mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, huwa amevunja masharti yake. Siku chache baada ya kukubali, afungue ukaguzi wa digrii kwenye akaunti ileile, atafute kila mtihani umekaa kwenye mstari gani. Uliokaa chini kabisa, kwenye fungu la krediti zisizotumika, auchukue kwa mshauri kabla ya wiki ya kwanza ya masomo kwisha, wakati kubadilisha ratiba bado ni bure.